Kabati la Mama: Tulikarabati au Tununue Jipya?

Wadau, najua kimya changu kimezidi. Kazi za gazeti zimenibana, na wikiendi mbili zilizopita zote nilikuwa kwa mama, Tabata, tukibishania kabati. Ndiyo, kabati!

Ni kabati la vyombo, la mninga, milango minne. Marehemu baba alilichongesha Tabora mwaka 1984 alipokuwa akifanya kazi reli, likaja Dar kwa treni. Miaka ya tisini mtu mmoja (simtaji, ila ni dada yangu) akaona rangi ya mbao ni ushamba, akalipaka rangi ya maziwa. Leo rangi inabanduka, bawaba mbili zimekatika na mlango mmoja unashikiliwa na kamba ya katani. Mama amechoka. Ameliona jipya dukani, jeupe, linameremeta, laki nne. "Hili wapewe wanaotafuta kuni," akasema.

Mimi nikasema haliondoki.

Nilikwenda kulichungulia hilo jipya. Kwenye matundu ya skrubu ikaonekana siri yake: chembechembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, juu zimevikwa plastiki nyembamba. Gundi inayotumika sana kwenye mbao hizo, ya urea na fomaldehaidi, haipatani na maji. Ninayajua haya kwa sababu chumba ninachopanga Sinza kilikuwa na kabati la namna hiyo chini ya sinki. Masika moja tu likavimba kama andazi, bawaba ikang'oka na skrubu zake, na hapakuwa na pa kuirudishia. La hivyo usimwite fundi, litoe nje tu.

Mninga ni habari nyingine. Mti huo hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa kupasuliwa mbao, na kiini chake hakiliwi ovyo na mchwa wala dumuzi. Fundi kutoka Keko aliligeuza letu, akalikwaruza kwa kisu upande wa nyuma, wekundu ukatokea. Maungio yote yameshika. Dumuzi wamekula ubao mmoja tu, wenye ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Huo atautoa, aweke mwingine. Bei yake laki mbili na nusu, pamoja na bawaba na vanishi.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe fundi kaja na mashine ya msasa, anataka aanzie palepale sebuleni! Mtoto wa dada anatambaa sakafuni. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ukiisaga rangi hiyo ikiwa kavu, vumbi linaingia kwenye godoro, kwenye vyombo na kwenye vidole vya mtoto. Nikamwambia kabati litoke uani, rangi ilowekwe, atumie msasa wa maji na avae barakoa, na uchafu wote ukusanywe ukiwa bado mbichi. Vumbi la mninga lenyewe nalo linawasumbua wenye pumu. "Bosi, unanizidishia kazi," akalalamika. Tukaongeza elfu thelathini. Kama angekataa, ningetafuta fundi mwingine au ningemwacha mama anunue lake jeupe. Sitaki ukumbusho wa baba umdhuru mjukuu wake.

Mama alikuwa na hoja moja ambayo mpaka sasa sina jibu lake. "Wewe unalipenda kwa sababu hulifuti vumbi, mwanangu." Kweli. Sisi tuliohama nyumbani ni hodari wa kutetea vitu vya zamani ambavyo wengine ndio wanaoishi navyo. Mlango ukimdondokea mguuni, mimi niko Sinza naandika habari. Kwa hiyo nilipotaka lirudi kama lilivyokuwa 1984, yeye akakataa: milango ya juu iwekwe vioo, vikombe vyake vya wageni vionekane. Mbao zilizopo zinatosha kuwa fremu, fundi amezipima.

Fundi amekwishachukua nusu ya malipo, Jumamosi anaanza. Hela ni yangu yote, na mshahara wa mwandishi mnaujua. Dada ameahidi kuchangia vioo.