Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wazee walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Maana yake ni kwamba chombo unachokiona kinakwenda salama juu ya maji hakikuota chenyewe kama uyoga; yuko fundi aliyechagua mti, akapasua mbao, akaziba nyufa na kutoa jasho kabla nahodha hajatweka tanga. Watu wa pwani walilisema neno hili kwa ajili ya majahazi yao, lakini leo latufaa sana sisi wa Kitale na Bungoma, tulio mbali na bahari, kwa ajili ya chombo kingine kabisa. Chombo hicho ni paneli ya sola, kile kibao cha kioo, chenye rangi ya buluu au nyeusi, ambacho sasa ni kitu cha kawaida juu ya mapaa ya mabati toka Kiminini hata Kimilili. Twakiona kinaelea, lakini ni wachache mno kati yetu wanaojua kimeundwaje.

Nasema wazi, wala sioni haya kusema, kwamba kila mwanafunzi wa sekondari yapasa aunde paneli moja ndogo pamoja na wenzake, kwa mikono yao wenyewe, kabla hajamaliza masomo yake. Wako wanaolipinga jambo hili, tena ni watu wenye heshima, na baadhi yao ni walimu wenzangu. Sitawatukana, nitazipima hoja zao moja moja, na wewe msomaji utakuwa hakimu.

Kabla ya kushindana ni vizuri kufahamiana juu ya kitu chenyewe. Mfaransa aitwaye Edmond Becquerel, akiwa kijana wa miaka 19, aliona mwaka 1839 kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Zaidi ya miaka mia moja ikapita. Mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories, huko Marekani, wakatangaza seli ya silikoni iliyoweza kugeuza kiasi cha asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, na mwaka 1958 seli za namna hiyo zilirushwa angani katika setelaiti ya Vanguard 1. Silikoni hutolewa katika mchanga, na mchanga tunao mwingi, lakini ili iyeyuke yataka joto la digrii 1,414. Hakuna shule yetu yenye tanuri la namna hiyo. Kwa hiyo tunaposema kuunda paneli, hatusemi kuunda seli. Twasema kununua seli tupu, kuziunga kwa lehemu, kuzifunika kwa kioo, kuziba kingo zake, na kuzitia katika fremu.

Kila seli ya silikoni hutoa karibu nusu volti, iwe kubwa iwe ndogo. Ukubwa wake huongeza ampea, hauongezi volti. Ndiyo maana seli 36 huungwa mfululizo, mgongo wa hii kwa uso wa ile, ili zitoe volti 18 hivi, zitoshe kuchaji betri ya volti 12. Kwa kazi ya darasani seli 12 zatosha. Zitatoa volti 6, ambazo huwasha taa ndogo wala hazimdhuru mtoto wa mtu. Hata kipande cha seli iliyovunjika hufaa kwa mazoezi, maana volti yake ni ile ile. Sasa tuzisikilize hoja.

Hoja ya kwanza yasema hivi: paneli za kiwandani zimekuwa rahisi sana siku hizi, ya nini kujisumbua kuunda kitu ambacho duka la mjini linakiuza? Ni kweli kwamba bei ya paneli duniani imeshuka mno tangu mwaka 2010. Lakini anayenunua kitu asichokijua hununua kwa macho ya muuzaji. Namjua mama mmoja, mkulima wa mahindi katika Trans Nzoia, aliyeuza magunia yake akaenda mjini kununua paneli ili watoto wake waache kusomea koroboi, ambayo iliwatia moshi machoni na kikohozi kifuani. Aliuziwa paneli iliyoandikwa mgongoni "wati 100". Taa zake ziliwaka saa mbili za jioni, kisha zikafifia. Akarudi dukani, akaambiwa kosa ni la betri, akanunua betri nyingine. Taa zikafifia vile vile. Nilipoombwa niitazame paneli ile, sikuchukua chombo chochote ila rula ya mwanafunzi. Urefu wake ulikuwa sentimita 50, na upana wake sentimita 35.

Mwanafunzi, chukua kalamu upige hesabu pamoja nami. Hamsini mara thelathini na tano ni sentimita za mraba 1,750, yaani mita ya mraba 0.175. Jua la mchana mkali lisilo na wingu huangusha wati 1,000 hivi juu ya kila mita ya mraba. Basi mwanga wote ulioiangukia paneli ile haukupita wati 175. Paneli nzuri zinazouzwa madukani hugeuza kiasi cha sehemu moja katika tano ya mwanga kuwa umeme, na zilizo bora kabisa huzidi hapo kidogo, lakini nyingi hazifiki robo. Sehemu moja katika tano ya 175 ni 35. Ile "wati 100" ilikuwa ni uongo uliopigwa chapa, na ungeweza kufichuliwa pale pale dukani na mtoto mwenye rula na ujuzi wa kuzidisha. Mama yule alikuwa na mtoto wa sekondari. Mtoto huyo alikuwa amefundishwa eneo la mstatili, na asilimia, na wati. Vyote alivijua katika daftari. Juu ya paa la nyumba yao hakukijua hata kimoja.

Wala hila hii si ya jana. Mwaka 1999 watafiti walipozipima paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa katika Kenya, nyingine zilionekana kutoa nguvu pungufu sana kuliko ile iliyoandikwa juu yake. Hasara ya udanganyifu kama huo aghalabu huwashukia walio maskini, maana tajiri hununua paneli kubwa kwa msaada wa mtaalamu. Basi anayeuliza faida ya kuunda paneli shuleni, na aihesabu kwanza gharama ya kutojua. Aliyekwisha kuunga seli 12 kwa mkono wake, akapima akapata wati chache tu, hatadanganywa tena na kibao cha ukubwa wa sinia kinachojidai kina wati 100.

Hoja ya pili hunena kwamba hiyo ni kazi ya fundi wa jua kali, si kazi ya msomi. Mwanafunzi ameletwa shuleni kupita mtihani. Hoja hii yanihuzunisha kuliko zote, kwa kuwa husemwa na watu waliosoma. Fundi wa Kitale au Webuye anayechomelea milango kando ya barabara twamwita wa jua kali, na jua hilo humchoma mgongo kutwa nzima. Kisha tunamcheka kwa kuwa mikono yake ni myeusi kwa grisi. Nani alitufundisha kwamba akili hukaa kichwani peke yake, na vidole si vyake? Becquerel hakuona mwanga ukizaa umeme kwa kukariri. Aliona kwa kujaribu.

Tena mifano tunayo hapa hapa kwetu. Mwaka 1984 Mark Hankins, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya harambee ya Karamugi, Meru, aliishawishi shule ile itumie umeme wa jua mahali pa jenereta. Mhandisi Harold Burris, naye Mmarekani, aliifunga mitambo hiyo na kuwafundisha mafundi wa pale pale. Walimu na majirani wakaona taa darasani, wakataka na wao; kazi ikaenea vijijini, na baada ya miaka michache Kenya ilijulikana duniani kwa wingi wa paneli ndogo zilizonunuliwa na watu wa kawaida kwa fedha zao wenyewe. Mbegu ya mambo hayo ilipandwa katika shule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa Kibera, katika jiji la Nairobi, waliunda paneli ndogo za kuendeshea redio na kuchaji simu. Na huko Kinyasini, Unguja, wanawake wa vijijini, wengine wao hawakupata kusoma sana, wamefundishwa kuunda taa za sola na kutengeneza mitambo yake. Ikiwa nyanya mwenye wajukuu aweza kushika chuma cha kulehemu, kijana wa sekondari ana udhuru gani?

Na juu ya mtihani nasema hivi: mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, wataka mwanafunzi aweze kutenda, si kutaja tu. Mwalimu anayeogopa kutoa saa kumi za muhula kwa paneli moja amesoma jina la mtaala, hakusoma maana yake.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nami nitaipa haki yake. Yasema kwamba paneli ya kuundwa kwa mkono ni dhaifu. Ni kweli. Paneli ya kiwandani hufungwa kwa kioo kigumu na plastiki iliyoshikana na seli kwa joto, na viwanda vingi huiwekea dhamana ya miaka 25. Ya kwetu huzibwa kwa gundi ya silikoni. Msimu wa mvua unyevu hupenya, waya hushika kutu, plaiwudi hujikunja, nayo nguvu hupungua. Hata ukivunja paneli kuukuu ili uchukue seli zake utapata vumbi tu, kwa sababu zimeshikamana na plastiki yake kama ngozi na nyama. Kwa hiyo namkanya kila ahubiriye kwamba mtu ataokota takataka na kujitengenezea umeme wa bure wa nyumba nzima. Huyo naye ni ndugu wa yule muuzaji wa "wati 100". Tofauti yao ni kwamba mmoja auza uongo wa kioo, na mwingine auza uongo wa maneno. Usiitie paneli ya darasani juu ya paa la mama yako ukamwambia ategemee hiyo. Wala usizunguke kijijini kujiita fundi, kwani tangu mwaka 2012 kanuni za Kenya humtaka afungaye mitambo ya sola kwa watu awe na leseni.

Lakini udhaifu huo hauiangushi hoja yangu, waitia nguvu. Mkate wa kwanza wa mpishi huungua, na kwa kuungua humfundisha moto. Paneli yetu dhaifu hufundisha mambo ambayo paneli imara huyaficha. Mwanafunzi aifunike seli moja kwa jani la mhindi, atazame kipima umeme: nguvu ya paneli nzima itaanguka, ingawa seli 11 zimo juani. Zimeungwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akisimama, wote wamesimama. Hatahitaji tena kuambiwa kwa nini tawi la mparachichi lililotia kivuli pembeni mwa paa limeizima nyumba. Aipime paneli asubuhi ya baridi, kisha aipime ikiwa imechemka: ataona kuwa jua lataka mwanga wake, si joto lake. Seli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila digrii inayozidi 25. Ikipata digrii 60, asilimia 14 imekwenda. Ndipo atakapofahamu kwamba Kitale, iliyo juu ya mita 1,900 hivi, yenye baridi tunayoinung'unikia, ina faida kuliko Bungoma iliyo chini yake kwa mita 500 hivi. Na kwamba kila paneli yataka nafasi ya kupitisha upepo kati yake na bati. Atajua pia kwa nini sisi, tulio karibu digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, huilaza paneli karibu sawasawa, tukiiinamisha kidogo ili mvua iioshe vumbi.

Nataka nini basi? Sitaki maabara ya mamilioni. Nataka kila shule iwe na meza moja, chuma cha kulehemu, kipima umeme, na seli chache za kila mwaka. Nataka wasichana washike lehemu sawa na wavulana. Nataka kila kikundi kikimaliza paneli yake, kipewe kazi ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza: kila mmoja aende kwao na rula, apime paneli iliyo nyumbani au kwa jirani, apige hesabu, alinganishe na maandishi ya mgongoni, na aseme kweli. Shule ikifanya hivyo kwa miaka mitatu, mwenye duka ataanza kuchagua bidhaa zake kwa uangalifu, kwa kuwa atajua kwamba wanunuzi wana macho.

Mwanafunzi, jua halikopeshwi wala halitozwi. Lawachomozea wenye elimu na wasio na elimu sawasawa. Kinachouzwa ni chombo cha kulikinga, na katika chombo hicho ndimo ujinga wetu unapotozwa kodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi inama juu ya meza, shika lehemu, unga seli ya kwanza na ya pili. Ikivunjika, chukua nyingine.