Sikio Nalo Litaulizwa

Ndugu msomaji, kama una kijana nyumbani mwenye kupenda muziki, yumkini umekwisha kulisikia tamasha la Jinja, huko Uganda, kando ya mto Naili. Lilianza mwaka 2015, na jina lake ni Nyege Nyege. Wenyewe husema kuwa kwa Kiganda maana yake ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Maana yake kwa Kiswahili waijua, wala haina haja ya kufasiriwa mbele ya watoto. Watu hukesha hapo siku kadhaa, na miongoni mwa yanayopigwa yamo mambo ambayo babu yako asingeyaita muziki: mitambo inayovuma, sauti zilizokatwa vipande na kuungwa upya, ngoma inayokwenda mbio kuliko mguu wa mtu. Singeli ya vijana wa Dar es Salaam, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ilipata njia ya kwenda Ulaya kwa mikono ya watu hao hao, walipotoa mkusanyo wa studio ya Sisso mwaka 2017.

Mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulizuia. Mwaka 2022 Bunge la nchi hiyo likaamua lisifanyike, na Serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mara zote mbili lilifanyika. Nasi huku barazani tukacheka, tukalaani, tukaagiza kahawa nyingine.

Makala haya hayakuja kulaani tena. Ulevi na utupu hukumu yake inajulikana, na hapana mwenye akili anayengoja gazeti limweleze. Linalotutia hofu sisi ni neno moja linalosemwa na wasomi wa sanaa ya namna hii, ambalo vijana wetu wanalimeza bila ya kulitafuna: kwamba sauti ni sauti tu, haina mwenyewe, haina wema wala ubaya, na kazi ya msanii ni kuiachia huru. Hilo ndilo la kujibiwa.

Neno hili lina nasaba. Mwaka 1948, huko Paris, Pierre Schaeffer alinasa milio ya magari moshi, akaikata na kuipanga, ikarushwa redioni kuwa ni muziki. Mwaka 1952, huko Marekani, John Cage alimketisha mpiga piano mbele ya kinanda chake dakika nne na sekunde thelathini na tatu pasi na kukipiga, ili waliohudhuria wasikilize upepo, mvua, na minong'ono yao wenyewe. Miaka ya sitini wakatokea, London na kwingineko, wapigaji wanaokutana jukwaani bila ya wimbo wala kiongozi, kila mmoja akipiga lililomjia.

Tuwe waadilifu. Watu hawa si wendawazimu. Wametambua kuwa mwanadamu wa zama hizi ana masikio lakini hasikilizi, na hilo ni kweli tupu. Lakini wewe unayesimama kila siku nyuma ya imamu katika sala ya Adhuhuri, msikiti mzima kimya, hukuhitaji kukata tiketi ili ufunzwe kunyamaza. Tofauti ni kwamba kimya chako kina Anayeelekewa. Chao humrudia msikilizaji mwenyewe, wala hakimdai kitu.

Basi twende Tabora, tukaipime hoja yao mahali ambapo sauti ilikuwa na uzito. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikaingia Unyanyembe, hapo Kazeh na Kwihara, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya mapendekezo yake ya urithi wa dunia. Mzungu Burton aliyefika Kazeh mwaka 1857 ameandika habari za kirangozi aliyetangulia mbele, za baragumu la pembe, za ngoma, na za wapagazi walioimba kwa kuitikiana. Nyimbo zile hazikutoka kitabuni. Mmoja alianzisha, wenzake wakaitikia, na maneno yakabuniwa njiani kwa yale yaliyowapata.

Je, huo haukuwa ubunifu wa papo kwa papo? Ulikuwa, tena miaka mia moja na zaidi kabla ya hao wa London. Lakini haukuwa huru kwa maana yao. Mpagazi alikuwa na mzigo wa ratili sitini au sabini begani, na wimbo ndio uliozipanga hatua za msafara. Aliyevuruga mwitikio alivuruga mwendo wa mwenziwe. Koo lilikuwa huru, naam, lakini uhuru wake ulifungwa na haki ya bega la jirani. Hiyo ndiyo adabu ya sauti, nayo walikuwa nayo watu ambao vitabu vya wageni viliwaita washenzi.

Na ipo sauti nyingine katika njia hiyo, na hapa, msomaji wa pwani, maneno yanaanza kuuma. Njia iliyopitisha pembe ilipitisha na watu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na katika misafara mingi mwenye mali alikuwa mtu aliyeswali kama tunavyoswali. Sisi hupenda kusimulia miembe ya njiani, tembe za Tabora, na jinsi dini ilivyoingia bara. Hayo ni kweli, wala hatuyaonei haya. Lakini mlio wa chuma shingoni mwa mwanadamu nao ulifuata njia hiyo hiyo, na hatuusimulii.

Sasa mwambie yule msomi kuwa sauti ni sauti tu. Mlio wa mnyororo una wenyewe wawili: aliyeuvaa na aliyeufunga. Akija mtu kesho Kwihara na kinasa sauti, akagonga vyuma ili apate mlio wa kupendeza, akaupeleka ukumbini uchanganywe na mitambo yake, atakuwa amekichukua kilio cha watu akakifanya kiungo cha mchuzi. Na sisi tulionyamaza tutakuwa ndio tuliomwachia mlango wazi, kwani kitu kisicho na msimulizi huonekana hakina mwenyewe.

Labda utatuambia: "Nyinyi wa dini hukataa kila kilicho kipya." La. Gari moshi lilipofika Tabora mwaka 1912 lilikuwa sauti mpya, na kipaza sauti kilipopanda mnarani kilikuwa kipya, na misikiti haikuanguka. Upya si kosa. Kumbuka tarika ya Qadiriyya, iliyofuata njia hii hii hadi Tabora na Ujiji. Mashehe wetu walihojiana, na kwa ukali, juu ya zikri ya kuvuta pumzi kwa nguvu: ni ibada ama si ibada? Aliyeikubali alikuwa na hoja, na aliyeikataa alikuwa na hoja. Lakini hapakutokea hata mmoja kati yao aliyesema, "Ni pumzi tu." Pande zote mbili zilijua kuwa kila kitokacho kifuani mwa mtu kina hesabu, na aingizacho sikioni nacho kina hesabu.

Hapo ndipo na sisi tujikague. Luqman alimuusia mwanawe ainamishe sauti yake, na Mtume (S.A.W.) aliwakataza waliokuwa wakisoma msikitini wasinyanyuliane sauti wakaudhiana. Ikiwa kisomo chenyewe kina mpaka, itakuwaje harusi yako? Unawalaani wa Jinja, na wiki iliyopita vipaza sauti vya arusi ya binti yako vilipiga mpaka alfajiri, na nyumba ya pili mna mgonjwa. Wa Jinja walau walitafuta mahali pa kando ya mto. Wewe uliutia ukuta wa jirani.

Kupiga marufuku kumejaribiwa mara mbili, na tumeona natija yake. Sikio halifunzwi kwa amri, hufunzwa nyumbani. Inapoadhiniwa, zima redio, na mtoto akuone ukiizima. Akikuletea muziki wake mpya, usimfukuze. Ketini pamoja, kisha muulize: sauti hii imetoka kwa nani, inamtaka nini msikilizaji, na nani anaumia kwayo? Akishindwa kujibu, umemfunza zaidi kuliko kwa fimbo. Na kama una bibi au babu aliyebaki Tabora, Ujiji au Bagamoyo mwenye kuzikumbuka nyimbo za njia, kamsikilize kabla ya mgeni, na umuulize na yale asiyopenda kuyasimulia.

Tumefunzwa kuwa sikio litaulizwa, kama litakavyoulizwa jicho na moyo. Siku hiyo hapatakuwa na atakayeokoka kwa kusema kwamba ilikuwa sauti tu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusikia yaliyo mema tukayafuata, na yaliyo machungu tukayakiri. Amin.