Maskati ya Januari na Maskati ya Juni

Kijana wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, anayetaka kwenda kuishi Maskati, Oman, huuliza kwanza mshahara, kisha joto. Majibu yote mawili huja kwa tarakimu, na tarakimu zenyewe mara nyingi ni za kweli. Rial 1 ya Oman ni dola 2.6 za Marekani, na thamani hiyo imefungwa hapo tangu 1986. Ukiigeuza kuwa shilingi, inajaa mkononi. Joto la mchana la Januari ni nyuzi 25 hivi, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Mtu wa Kigoma, aliyezoea mchana wa nyuzi 28 au 29, akifika mwezi huo atadhani amehamia mahali penye ubaridi wa neema. Nasema kwamba tarakimu hizi hazitoshi kumtoa mtu kwao, kwa kuwa hazimwambii habari ni ya mwezi gani, wala ni ya mtu mwenye kazi gani. Mji wa ugenini hauwagawii watu wote hali ya hewa moja. Kila mmoja hupewa fungu lake kwa kadiri ya kazi aliyoajiriwa, na hilo ndilo la kupima kabla ya jingine lolote.

Tutazame kwanza hapa nyumbani. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Zinaponyesha, hazichagui: mama aliyeanika dagaa mchangani au kwenye chanja hukimbilia kuwaanua, mwenye boti ya kwenda Gombe na Kagunga huahirisha safari, na mnunuzi aliyetoka Mwanga hurudi na gunia tupu. Kiangazi kikiingia, jua lile lile linalomkausha mchukuzi koo ndilo linalowakausha dagaa wote wa ufukweni. Hata mapumziko yetu hupangwa na mbingu: mbalamwezi ikijaa, taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwavuta dagaa, mitumbwi hulala pwani, nyavu hushonwa, na siku hizo za kupumzika huwa za kijiji kizima. Katika maisha ya namna hii shida ya hewa ni shida ya jirani pia, na jirani huijua bila kuelezwa. Mtu aliyekulia hapa huchukua mazoea haya moyoni, akaamini kwamba kila mahali jua likiwa kali huwa kali kwa wote.

Maskati sivyo. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 100, karibu sehemu moja ya kumi ya ile tunayoipata sisi, na kuanzia Mei joto hupanda hadi nyuzi 40 na kuzidi. Wapo wanaosema, "Joto tumelizoea." Hawajui wanachokisema. Mwili hupoa kwa jasho kukauka, na Maskati ipo kando ya bahari yenye joto. Hewa ikishajaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, na mtu huendelea kuchemka ndani ya nguo zake. Tena Kigoma tuna usiku. Joto letu la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20, mwili ukapata nafasi ya kujirudi. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat, kusini-mashariki mwa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku na mchana. Wenyeji hawakuwa wajinga wa jambo hili. Zamani watu wa pwani walihamia kwenye mashamba ya mitende wakati wa kiangazi, na leo mwenye uwezo hupanda gari au ndege kwenda Salalah, ambako miezi hiyo hiyo huanguka manyunyu na milima huwa kijani. Anayebaki mjini huhama kutoka kiyoyozi cha nyumba hadi cha gari, na kutoka cha gari hadi cha ofisi, akangoja jioni ndipo aende sokoni Mutrah. Ni maisha mazuri, yenye akili nyingi ya kuishi na jua. Lakini serikali ya Oman yenyewe imelazimika kupiga marufuku kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti, na marufuku hiyo inatueleza kwamba wapo ambao bila amri ya serikali wangeachwa juani. Ndio hao wanaobeba zege na kufunga nondo, na wengi wao ni wageni.

Binti anayekwenda kufanya kazi za ndani naye hupimiwa vibaya, kwa upande mwingine. Huambiwa, "Wewe hutaona jua, nyumba yote ni baridi." Ni kweli. Lakini huo ubaridi ni wa nyumba ya mwajiri, na mlango ni wa mwajiri. Sheria ya Kazi ya Oman ya 2023 haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wana kanuni zao za pekee, na kwa miaka mingi hifadhi ya kanuni hizo haikuwa sawa na ya wafanyakazi wengine. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, na ndani yake mna pasipoti zilizozuiliwa, mishahara iliyokatwa na siku za kazi zisizo na mapumziko. Wapo waajiri wema, na wapo mabinti waliorudi wamejenga. Hata hivyo ni vibaya kumsifia mtu kiyoyozi ukamficha kwamba huenda asiruhusiwe kutoka nje jioni kupunga upepo, jambo ambalo Kibirizi hata maskini wa mwisho analo.

Nitajibiwa kwamba Maskati si ugenini kwa watu wetu. Njia ya misafara ilitoka Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wafanyabiashara wenye asili ya Oman waliishi Ujiji tangu kabla ya Burton na Speke kufika hapo mwaka 1858, na leo Kiswahili husikika madukani na majumbani Maskati. Nayakubali yote. Lakini wale Waswahili wanaotajwa kwa mafanikio waliingia kwa mlango gani? Wengi walikwenda baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya Oman warudi; walipokewa kama wananchi, wengine wakiwa na elimu, katika nchi iliyokuwa na mafuta na uhaba wa wasomi. Kijana wa leo anaingia kwa mkataba, chini ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Lugha itamsaidia kununua mkate na kupata rafiki. Haitambadilishia hati yake ya ukaazi, na joto litampata kwa mujibu wa hati hiyo.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba nyumbani nako kumebadilika, na hii siibezi hata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba uwezo wa Ziwa Tanganyika wa kuzalisha chakula cha samaki umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, kwa sababu maji ya juu yamepata joto na hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaana. Katika miaka ya karibuni maji yenyewe yamepanda na kumeza nyumba za kando ya ziwa. Nani atamlaumu kijana anayetazama mbali? Simwambii abaki. Namwambia kwamba aliyeuza nyavu na sehemu yake ya mtumbwi ili apate nauli hana akiba ya kosa, kwa hiyo kipimo chake lazima kiwe kikali kuliko cha tajiri anayekwenda kutembea.

Basi, vijana wetu, na ninyi wazazi mnaochanga nauli, acheni kulinganisha Kibirizi ya masika na Maskati ya Januari. Mshahara uhesabiwe baada ya kodi ya chumba, chakula, simu na deni la safari, si kabla. Habari aulizwe aliyekaa kiangazi kizima katika kazi ile ile, asiulizwe mwenye duka aliyekuja likizo. Mkataba usomwe kwa lugha mnayoielewa, nao upelekwe kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania kabla ya tiketi kukatwa. Na yule anayewatafutia kazi aulizwe swali hili moja, ajibu kwa maandishi: mwezi Juni, saa nane mchana, mtoto wetu atakuwa wapi, na ufunguo wa mlango huo atakuwa nao nani? Asiyeweza kulijibu asikabidhiwe pasipoti.