Harrier iliyotumika: aibu ya gari, dhahabu ya mke na haki ya mnunuzi



Katika maswali yanayotufikia siku hizi, la gari halikosekani. Mmoja anauliza: nimeuziwa gari, baada ya wiki mbili naona injini inakula oili, je, naweza kuirudisha? Mwengine anauliza: mume wangu anataka niuze dhahabu zangu tuongezee tununue Harrier, nikikataa nina dhambi? Wa tatu anauliza juu ya mkopo. Maswali ni mbali mbali lakini shina lake ni moja, nalo ni hii gari ya familia ya kifahari, iliyotumika nje, ambayo sasa imekuwa tamaa ya nyumba nyingi Unguja na Pemba. Tumeona bora tuyajibu kwa pamoja, na tuanze na hali ya soko lenyewe, kwani hukumu ya jambo hujengwa juu ya kulielewa jambo.

Gari hizi zinatufikiaje?

Toyota ilianza kuiuza Harrier huko Japani mwishoni mwa 1997, na katika nchi nyengine ikajulikana kwa jina la Lexus RX. Toleo la pili lilitoka 2003 na la tatu 2013. Si gari ndogo ya kawaida wala si jipu la shamba. Imenyanyuka, ina nafasi ya baba, mama na watoto watatu na mizigo yao, na ndani ina anasa za gari ya tajiri. Usukani wake uko kulia kama tunavyotaka sisi, na mafundi wetu wameizoea.

Kwa nini Mjapani anaiacha ikiwa bado nzuri? Kwa sababu sheria ya kwao inataka gari binafsi ikaguliwe baada ya miaka 3 ya mwanzo, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari ikizeeka na kodi yake hupanda. Mwenye gari huona bora aiuze anunue nyengine. Gari inapelekwa mnadani ikiwa na karatasi ya ukaguzi inayoonyesha kilomita, mikwaruzo na daraja. Daraja la 4 au 4.5 ni gari nzuri. Herufi R kwa kawaida maana yake ni gari iliyopata ajali ikatengenezwa. Karatasi hiyo ipo, na muuzaji anayesema haipo aulizwe kwa nini.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti mwaka 2020 ikieleza kuwa kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi. Majirani zetu wa Kenya wameweka kikomo cha miaka 8, gari iliyozidi hapo haiingii. Kwa hivyo tuelewe kuwa gari hii imeshaishi umri mmoja kabla ya kutufikia. Kununua kilichotumika ni halali wala si unyonge. Lakini kilichotumika kina historia, na historia hiyo ni haki ya mnunuzi kuijua.

Yanayofichwa

La kwanza ni mita ya kilomita. Gari iliyotembea kilomita 180,000 inarudishwa mita ikasoma 78,000, kisha usukani na viti vinang'arishwa. La pili ni ajali na mafuriko. Gari iliyozama huoshwa ikanukia uturi, lakini ukivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utakuta alama ya tope, na chini ya zulia utakuta kutu mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. La tatu ni injini. Harrier nyingi za toleo la pili zina injini ya lita 2.4, na baadhi ya injini hizo zinajulikana kwa kula oili. Zile za lita 3.0 zinatumia mkanda wa injini ambao unatakiwa kubadilishwa kila zinapokaribia kilomita 100,000, na mita ikiwa imerudishwa hutajua muda umefika mpaka mkanda umekatika. Juu ya hayo, hewa yetu ya bahari inaongeza kutu chini ya gari, hasa zile zilizokwisha kukaa hapa miaka.

Kurudisha mita si ujanja wa biashara. Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga mnyama chuchu asikamuliwe siku kadhaa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani ana maziwa mengi. Aliyemnunua akampa hiari ya kubaki naye au kumrejesha. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamelifanya hilo kuwa msingi wa kila udanganyifu wa sura ya bidhaa. Mita iliyorudishwa ni kiwele kilichofungwa, na fundi aliyeirudisha huku akijua gari inakwenda kuuzwa ameshiriki dhambi hiyo, na ujira wake si wa halali.

Yule muuzaji anayesema "mimi sikusema uongo, hakuniuliza" naye akumbuke kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta limerowa chini. Mwenye mali alisema ni mvua. Hakukubaliwa udhuru huo, bali aliambiwa kilichorowa alitakiwa akiweke juu watu wakione. Kosa lake lilikuwa kunyamaza.

"Mali ndiyo hiyo, ukinunua umenunua"

Maneno haya tunayasikia sana katika yadi za magari, na wengi wanadhani yanamaliza kesi. Katika madhehebu ya Imam Shafi hayamalizi. Kauli yenye nguvu, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi ambayo husomeshwa misikitini kwetu, ni kwamba muuzaji akishurutisha kuwa amejivua na kila aibu, shuruti hiyo humfaa kwa aibu ya ndani ya mnyama tu, tena ile asiyoijua. Mnyama ana uhai na maradhi yake hujificha. Gari si mnyama. Basi mwenye yadi asijifiche nyuma ya sentensi hiyo, hasa kwa aibu anayoijua.

Mnunuzi naye ana masharti yake. Kwanza, aibu iwe ilikuwepo kabla ya kukabidhiwa gari. Pili, iwe ni aibu inayopunguza thamani au inayoharibu lengo la kununua. Mkwaruzo wa gari ya miaka 15 si aibu. Tatu, akiigundua airudishe bila kuchelewa kwa kadiri ya ada. Anayeendelea kuiendesha mwezi mzima kupeleka watoto skuli, kisha ndiyo akadai, amekwisha kuridhia. Nne, ikiwa gari imepata aibu nyengine mikononi mwake, kwa mfano ameigonga, hawezi kumlazimisha muuzaji kuipokea; ila anastahiki fidia ya tofauti ya thamani, au wapatane.

Muulizaji wetu wa kwanza basi jibu lake ni hili: simamisha gari, mwendee muuzaji leo, chukua fundi mwaminifu mmoja au wawili waseme kama tatizo ni la zamani. Likithibiti, una haki ya kurudisha gari na kurejeshewa fedha zako. Akikataa, Mahakama ya Kadhi kwetu husikiliza ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Mzozo wa biashara unakwenda mahakama za kawaida, na malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Huko kote utaulizwa karatasi. Kwa hivyo andikianeni tangu mwanzo: namba ya chesesi, kilomita, hali ya injini, bei, na saini za mashahidi wawili.

Gari ya kwenye picha

Wengi sasa huagiza moja kwa moja kutoka Japani kwa kuona picha. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona haisihi. Kauli ya pili ya Imam Shafi, na ndiyo iliyo karibu na walivyosema wanavyuoni wa madhehebu nyengine, ni kuwa yafaa, na anayenunua ana hiari atakapokiona. Kwa haja ya watu, wanavyuoni wengi wa zama hizi wanakubali maelezo ya kina yasimame mahala pa kuona. Nasi tunaona inafaa, kwa sharti maelezo yawe ya gari hiyo hiyo: namba yake ya chesesi, karatasi ya mnada na picha za chini yake. Kutaja "Harrier nyeusi safi" tu hakutoshi.

Dalali au wakala anayekuagizia ni mtu wa amana. Ujira wake ni halali mkikubaliana. Kinachoharamika ni kile kinachoitwa cha juu: anakwambia gari ni milioni 22 kumbe kanunua kwa 19, na huku anapokea ujira wako. Zile 3 ni mali yako mkononi mwake.

Arbuni pia ina mas-ala. Wanavyuoni walio wengi, na Shafi miongoni mwao, hawaruhusu muuzaji kuila arbuni kama mnunuzi amerudi nyuma. Mahanbali wameruhusu. Aliye mchaMungu, gari ikiwa haijaharibika wala hakukosa mteja mwengine, amrudishie ndugu yake.

Mkopo na malipo ya kidogo kidogo

Kukopa fedha kwa riba ili ununue gari ni haramu, na anasa si dharura. Kununua gari yenyewe kwa malipo ya kidogo kidogo, hata kwa bei kubwa kuliko ya taslimu, inajuzu kwa wanavyuoni walio wengi, ila bei moja iamuliwe kabla ya kuachana na isiongezeke kwa kuchelewa.

Kuhusu murabaha ya mabenki, msitazame jina, tazameni mwendo wake. Benki iinunue gari kwanza, iimiliki na kuichukulia dhamana, kisha ikuuzie kwa bei inayojulikana. Ikiwa wanakutilia fedha katika akaunti na kukwambia kanunue mwenyewe, halafu urudishe zaidi, huo ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu.

Dhahabu ya mke

Hapa ndipo palipo na machungu makubwa kuliko injini. Dhahabu ya mke, ya mahari au ya kununua, ni mali yake. Nafaka ya nyumba iko juu ya mume, na Harrier si nafaka. Mke akikataa hana dhambi, wala hawi mtovu wa twaa. Kumbana kwa kununa au kumtishia talaka ili atoe ni kula mali yake bila ridhaa.

Akikubali kwa moyo mkunjufu, isemwe wazi ametoa nini: zawadi, mkopo, au sehemu ya umiliki? Natuweke mfano. Gari ni milioni 24, mke katoa milioni 9, kadi ina jina la mume peke yake, na hakuna karatasi. Mume akafariki na ameacha watoto. Gari nzima inaingia katika mirathi, na mke anapata thumni, yaani milioni 3. Zile 9 ataapa na kulia, na warithi wengine watasema hawajui. Lau ingeandikwa kuwa ni deni, angelipwa milioni 9 kabla ya mirathi kugawiwa, kisha thumni ya milioni 15 iliyobaki, ambayo ni shilingi 1,875,000. Jumla yake ni 10,875,000. Tofauti kati ya mjane mwenye kitu na mjane anayeombaomba ni ukurasa mmoja wa daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kutufundisha kuandikiana deni. Wala haikuwatoa katika amri hiyo waliooana.

Je, kuinunua ni israfu?

Gari nzuri ni neema, na Uislamu haukumharamishia mtu kipando kizuri kilicho ndani ya uwezo wake. Israfu inapimwa kwa hali ya mtu. Kabla ya kununua, piga hesabu ya baada ya kununua. Gari ya lita 2.4 kwa safari za mjini kwa kawaida haifiki kilomita 10 kwa lita. Anayekwenda kilomita 40 kwa siku atatumia lita zaidi ya 120 kwa mwezi. Chukua bei ambayo ZURA hutangaza kila mwezi, zidisha, kisha ongeza spea, tairi, bima na ada ya njia. Ukiona hesabu hiyo inagusa ada ya skuli, dawa ya mzee au deni la watu, basi gari hiyo si yako kwa sasa. Ipo Noah, ipo IST, na watoto watafika skuli vile vile.

Na kwa wenye yadi tunasema: gari mlizoweka kwa ajili ya kuuza ni mali ya biashara. Mwaka ukitimia zitathminiwe kwa bei ya soko na zitolewe zaka asilimia 2.5. Gari ya kutumia nyumbani haina zaka. Mkisema kweli na kubainisha aibu, Mtume (S.A.W.) ametuahidi baraka katika mauzo ya wakweli, na ameeleza kuwa baraka hiyo hufutwa kwa kuficha na kusema uongo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu, azilinde nyumba zetu na madeni, na atujaalie vipando vyetu viwe vya kutupeleka kwenye kheri. Wallahu a'lam.