Mlemavu Yuko Wapi Siku ya Mbio?



Siku hizi kijana hutangaza kwamba atakimbia marathoni yake ya kwanza ili kuwachangia walemavu. Ni neno jema. Kilometa 42 na mita 195 si mchezo, na kiti cha magurudumu hakinunuliwi kwa huruma. Lakini nauliza, hata nikiitwa mkorofi: huyo mlemavu yuko wapi siku ya mbio? Mara nyingi picha yake iko kwenye fulana, na mwenyewe ameketishwa kando ya njia apige makofi.

Rick Hoyt wa Massachusetts, Marekani, alizaliwa mwaka 1962. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, asiweze kamwe kutembea wala kusema. Waganga waliwashauri wazazi wampeleke katika nyumba ya walemavu, wakakataa. Mwaka 1977, kwa msaada wa kompyuta iliyomwezesha kuandika maneno, alimweleza baba yake kwamba anataka kushiriki katika mbio za kilometa nane za kumchangia mwanamichezo kijana aliyepooza. Someni tena hapo: aliyewaza kumsaidia mlemavu alikuwa mlemavu. Baba yake, Dick, hakuwa mkimbiaji. Alimsukuma katika kiti chake, wakafika wa pili kutoka mwisho. Baadaye Rick alimwambia kwamba wakikimbia hujiona kama hana ulemavu. Miaka michache baadaye wakaingia marathoni ya Boston kwa mara ya kwanza, bila kuandikishwa rasmi. Wakairudia miaka mingi, na katikati ya hayo Rick akamaliza chuo kikuu, mwaka 1993.

Nayajua majibu ya wapinzani: kiti kinachelewesha wengine, kinaleta hatari, na kinachohitajiwa ni fedha. Fedha zinahitajiwa, sikatai. Lakini anayemtolea fedha mtu asiyetaka kumngojea barabarani anamlipa tu ili asimsumbue. Na hatari ya kiti, nani aliipima? Mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kukisukuma hata hadi sokoni.

Kwa hiyo, kikundi kinachoandaa mbio za namna hiyo kiwaite walemavu kabla ya kuchapisha fulana. Waketi katika kamati, wachague njia, waseme fedha zitanunua nini. Atakayetaka kukimbia apate msukumaji aliyejizoeza pamoja naye kwa miezi, si jirani aliyeombwa asubuhi ileile. Na kama marathoni nzima inawashinda, punguzeni njia. Dick na Rick walianza na kilometa nane.