Wa 12 kati ya 86: ripoti ya shule inakuambia nini kuhusu mwanao?

Kila shule zinapofunga, ujumbe unaoingia studio kwetu unafanana. Mzazi anaandika: mtangazaji, mwanangu amekuwa wa 12 kati ya 86, hiyo ni nzuri? Mwingine wa kwake amekuwa wa 71, anauliza kama amkataze mpira. Ni maswali ya haki kabisa. Kwa wazazi wengi wa vijijini, karatasi ya ripoti ndiyo habari pekee wanayopata kutoka shuleni kwa muhula mzima, ukiacha barua za michango.

Shida ni kwamba nafasi inakuambia mtoto yuko mbele ya nani, basi. Mtoto anaweza kuwa wa 12 katika darasa ambalo wanaosoma vizuri ni 10 tu, akarudi nyumbani akashangiliwa wakati kusoma kwenyewe hajui. Mwingine akawa wa 40 katika darasa ambalo karibu wote wanasoma, akachapwa bure.

Ili kuelewa, turudi kwenye swali ambalo halisikiki sana: mwalimu anapima wanafunzi kwa nini? Jibu la kwanza halihusu mzazi wala wizara. Anapima ili ajue kesho afundishe nini. Ndiyo maana andalio la somo, ile karatasi ambayo mwalimu anatakiwa kuijaza kabla ya kuingia darasani, mwishoni lina sehemu ya tathmini. Hapo anatakiwa kuandika wanafunzi wameelewa kwa kiasi gani na yeye atafanya nini kwa wale ambao hawakuelewa. (Wapo wanaoandika "somo limeeleweka" hata kengele ya kipindi haijagonga. Walimu mtanisamehe, lakini mnajua.)

Chukua mfano wa hesabu za kutoa, darasa la tatu. Mtoto amepewa maswali 10, amepata 6. Kwenye ripoti hiyo ni asilimia 60, amejitahidi, aongeze bidii. Sasa fungua daftari lake uangalie yale 4 aliyokosa. Kwenye 52 kutoa 27 ameandika 35. Kwenye 63 kutoa 48 ameandika 25. Kwenye 70 kutoa 34 ameandika 44. Umeona? Mtoto huyu hakukosa kwa uvivu wala kwa kubahatisha. Kila mahali anachukua tarakimu ndogo anaitoa kwenye kubwa, hata kama ndogo ndiyo iko juu. Swali lolote lisilohitaji kukopa kwenye makumi anapata, linalohitaji kukopa anakosa. Ana kanuni yake kichwani, na kanuni hiyo haitamfikisha mbali.

Mwalimu akiona hilo, dawa ni vipindi viwili vya vijiti na mafungu ya kumi. Asipoliona, akaweka tiki na mkasi na kuandika 6/10, mtoto anapanda darasa la nne na kanuni ile ile. Huko anakutana na namba za maelfu, na darasa la tano anakutana na sehemu na desimali. Wakati huo tatizo lina sura kumi na hakuna anayejua lilikoanzia. Watu watasema hana kichwa cha hesabu.

Na kusoma ni hivyo hivyo. Wako watoto wanaokariri ukurasa mzima kwa kusikiliza wenzao, wakisimamishwa wanausema bila kukosea. Mwalimu akifunika picha, au akianza katikati ya mstari, mtoto ananyamaza.

Haya si mambo madogo, na nchi yetu imeshalipa gharama yake. Mwaka 2010 mradi wa Uwezo ulianza kupita majumbani na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, ukawapa watoto wasome. Wengi wa darasa la tatu walishindwa, na hata wa darasa la saba walikuwepo walioshindwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Kelele zilikuwa kubwa, ikaundwa tume, alama zikapangwa upya. Lakini wale vijana walikuwa wamekaa madarasani miaka 11. Walifanya majaribio, mitihani ya muhula, moko, na ripoti zilipelekwa nyumbani kila mwaka. Kupimwa walipimwa sana. Kilichokosekana ni mtu wa kufanya jambo baada ya kuona majibu.

Tangu hapo yapo yaliyobadilika. Madarasa ya chini yakawekewa mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Baraza la Mitihani, NECTA, likaacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora, jambo ambalo wengi walizoea kulisubiri redioni. Binafsi naona lilikuwa sahihi. Shule ya bweni yenye maabara na shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa fizikia, au asiye na hata huyo, ukizipanga kwenye foleni moja unapima mifuko ya wazazi. Ajabu ni kwamba foleni tuliyoifuta taifani tumeibakiza darasani, kwenye ile ile karatasi ya wa 12 kati ya 86.

Yapo pia mapimo ya kitaifa ya katikati ya safari, hasa darasa la nne na kidato cha pili. Angalia jina lake: ni Upimaji wa Kitaifa, mtihani wa kumaliza ni kitu kingine. Lengo ni kugundua waliokwama wakati bado kuna miaka ya kuwasaidia. Uzito wake unaongezeka sasa, kwa sababu sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Zamani mtoto aliyegundulika darasa la nne alikuwa na miaka mitatu ya kurekebisha. Huyu wa mtaala mpya atakuwa na miwili.

Sasa niseme upande wa walimu, maana nao wananisikiliza. Kiwango kinachotakiwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Kwenye kata nyingi tunazofika, darasa lina 90 na zaidi. Kusahihisha daftari moja kwa dakika mbili tu, madaftari 90 ni saa tatu. Hilo ni somo moja, na mwalimu ana masomo matatu au manne. Kumwambia achambue makosa ya kila mtoto kila siku ni kumwambia asilale. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu aliniambia anachofanya yeye: maswali matatu tu mwisho wa kipindi, anapita kwenye madawati, halafu anachukua madaftari 15 kwa siku kwa zamu. Kwa wiki anakuwa amewaona karibu wote. Wanaokosea kitu kimoja anawakalisha pamoja. Haihitaji fedha.

Kinachohitaji fedha, na hapa ndipo malalamiko mengi yanakuja, ni mitihani ya kila wiki ya kuchapisha, mingine ikiitwa ya ujirani mwema. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji shuleni, na mitihani ni moja ya matumizi yake. Wazazi wakikubaliana kuongeza mchango kwa hiari, wana haki ya kuuliza: huu mtihani ukishasahihishwa, nini kinafuata? Kama jibu ni kubandika majina ukutani na kuanza mwingine Ijumaa ijayo, fedha hiyo imenunua karatasi.

Kwa hiyo ripoti ikifika nyumbani, usiishie kwenye nafasi. Omba madaftari, yako mikononi mwa mtoto tayari. Angalia makosa yanajirudia wapi. Kama wewe mwenyewe hukusoma sana, mpe kitabu cha darasa la pili, fungua ukurasa wowote, mwambie akusomee kisha akueleze kwa maneno yake kimetokea nini kwenye hadithi. Akisita kila neno na yuko darasa la nne, nenda shuleni wiki ya kwanza ya muhula, usisubiri kikao. Mwulize mwalimu wa darasa maswali mawili: mwanangu amekwama wapi hasa, na nyinyi mnafanya nini naye? Mwalimu anayempima mtoto kwa sababu sahihi atakuwa na la kukuambia, hata kama darasa lina 90. Akikujibu "aongeze bidii" tu, muulize tena, kwa adabu. Na kama wazazi wengi wanajibiwa hivyo hivyo, hoja hiyo ni ya kamati ya shule, na baada yake ni ya Afisa Elimu Kata.

Wa 71, kwa taarifa, tulimwomba mama yake amjaribu kwa hadithi ya darasa la pili. Aliisoma yote. Anayemshinda ni Kiingereza, na mpira anaendelea nao.