Tunaomba Mafuriko Yetu: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji

Kwa Mkurugenzi,
Bodi ya Maji Bonde la Rufiji,
Iringa.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi, na wengi wao hawana njia ya kufika Iringa. Ni wakulima na wavuvi wa Rufiji ya chini, kuanzia Mloka iliyo mpakani mwa hifadhi ya wanyama, kupita Utete na Mohoro, hadi vijiji vya delta ambavyo hufikiwa kwa mtumbwi. Wanachokiomba kinaweza kumshangaza asiyelijua bonde hili. Wanaomba mafuriko. Si gharika la kubomoa nyumba, bali yale mafuriko ya kiasi, yanayokuja kwa msimu wake, yakatandaza tope shambani, yakaondoka. Waliyapata tangu enzi za mababu bila kumwomba mtu. Leo maji hayo yako nyuma ya ukuta wa zege, na yatoke lini, kwa kiasi gani, ni uamuzi wa ofisini. Ofisi yako ni mojawapo.

Sikuandikii kulipinga Bwawa la Julius Nyerere, lenye ukuta huo. Megawati 2,115 si jambo la kubeza katika nchi ambayo watu wake waliishi kwa ratiba ya mgao, mafundi cherehani wakilala mchana na kushona usiku wa manane umeme unaporudi. Mitambo yote 9 imekamilika, na mimi ni mmoja wa wanaofaidi. Ila taa ninayowasha mjini ina upande wake wa pili huko bondeni, na upande huo haujazungumzwa inavyostahili.

Nieleze kwanza maji haya yalifanya kazi gani, kwa sababu naogopa kwamba katika michoro ya wahandisi yanaonekana ni maji yaliyokuwa yakipotea baharini. Mpunga wa Rufiji hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, kwenye Desemba hivi. Masika yanapofika, mto hupanda na kuingia mashambani, na mpunga nao hurefuka ukiyafuata maji. Huvunwa Juni na Julai. Maji yanaporudi mtoni ndipo huanza kilimo cha pili, kile Warufiji wanachokiita mlau. Nimemwona shangazi yangu akilipima tope kwa mguu. Ukizama hadi kwenye kifundo, husema bado, anageuka kurudi nyumbani. Siku chache baadaye anarudi, anakanyaga tena, na tope likimbeba bila kumwachia anachukua kijiti chenye ncha na kutoboa: shimo, punje tatu za mahindi, anafukia kwa kisigino, hatua moja, shimo jingine. Hakuna mbolea, na mvua hakuna inayosubiriwa. Mahindi, kunde, maboga na bamia hukua kwa unyevu wa tope lile peke yake, katika miezi ambayo vilima vya jirani vimekauka kabisa. Mwaka ambao mpunga umeharibika, mlau ndio uliookoa nyumba.

Mafuriko hayohayo ndiyo yaliyoyafikia maziwa ya pembeni, Zumbi, Ruwe, Uba na wenzao, yakaingiza maji mapya na perege wachanga. Yakikosekana miaka kadhaa mfululizo ziwa hunywea, na samaki hubaki wachache na wadogo.

Sasa tazama maisha yaliyojengwa juu ya kawaida hiyo. Mwenye duka aliwakopesha watu sukari na mafuta ya taa kwa ahadi ya mlau, na ahadi hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu mto wenyewe ulikuwa na ahadi. Harusi na ngoma zilipangwa baada ya mavuno. Familia zilihamia shambani, zikalala juu ya madungu yaliyoinuliwa kwa nguzo, zikapokezana zamu na majirani kuwafukuza nyani na nguruwe pori. Ambaye kipande chake kilichukuliwa na mto alimegewa kipande kwa jirani. Wazee walioweza kusoma rangi ya maji na kasi yake waliheshimiwa kwa sababu neno lao lililisha watu. Hakuna aliyeyaandika haya kama kanuni. Yalisimama kwa kuwa kila mtu alijua takriban nini kitatokea na lini, hivyo aliweza kumwamini mwenzake hadi siku hiyo.

Ndiyo maana naona makosa tunapohesabu hasara ya miradi kwa magunia na tani tu. Mto usipotabirika, mwenye duka huacha kukopesha, na hawezi kulaumiwa. Mzee hubaki na elimu isiyo na kazi. Kijana anayeona shamba la mama yake limekuwa bahati nasibu huenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda, au huingia kwenye mikoko na shoka. Hata kipande cha kumpa jirani hakitolewi kirahisi, kwa kuwa hakuna mwenye hakika na chake.

Hii si mara ya kwanza kwa mafuriko ya Rufiji kuonwa adui. Baada ya maji makubwa ya 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda nyanda za juu penye shule na zahanati. Nia ilikuwa njema, na shule zile zimesomesha wengi. Lakini tope lenye rutuba lilibaki bondeni, kwa hiyo watu waliendelea kuteremka kila msimu kulima, wakishinda kutwa nzima njiani. Wala haikuwa mara ya mwisho kwa watu hao kutoulizwa. Mwaka 1997 Serikali iliridhia mradi wa kufuga kambamiti ambao ungechukua maelfu ya hekta katika delta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri usikubaliwe. Wanavijiji walikwenda mahakamani. Mradi ule haukutekelezwa, na mikoko iko hadi leo.

Tofauti ya sasa ni kwamba ukuta umekwisha kujengwa. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024. Mtambo wa umeme unapenda maji yaleyale Januari hadi Desemba, ilhali bonde linaishi kwa kupanda na kushuka. Ukiuachia mtambo uamue peke yake, masika yatakuwa na maji pungufu kuliko zamani, kiangazi kitakuwa na maji mengi kuliko zamani, na wakulima wa kingoni wataathirika pande zote mbili. Tope nalo hutuama ndani ya ziwa la bwawa lenye urefu wa takriban kilomita 100. Maji yanayotoka upande wa pili yamechujika, na maji ya namna hiyo hula kingo za mto pasipo kurudisha kitu.

Wajenzi wetu walitoka Misri, na Misri inalijua jambo hili kuliko sisi. Arab Contractors, mmoja wa wakandarasi wawili wa bwawa letu, walishiriki pia kujenga Bwawa Kuu la Aswan. Baada ya mafuriko ya Naili kuzuiwa katika miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa wa sardini katika pwani ya Misri ulianguka kutoka takriban tani 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya tani 1,000 kabla ya muongo kwisha, kwa sababu mto haukuleta tena chakula baharini. Ufuko wa delta yao nao umeendelea kumegwa na mawimbi. Delta yetu ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote katika Afrika Mashariki, takriban hekta 50,000. Humo kambamiti hukulia, na humo watu hulima mpunga mahali ambapo maji ya mto huyasukuma nyuma maji ya chumvi. Mto ukidhoofika msimu wa masika, chumvi hupanda. Ng'ambo iko Mafia, yenye matumbawe na papa potwe wanaoletea vijana wa Kilindoni wageni na kipato. Rufiji, Mafia na Kilwa ziliingizwa pamoja mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu za mkataba wa Ramsar, na hapo nchi yetu yenyewe ilikiri kwamba ni mfumo mmoja.

Kuhusu Aprili 2024 nitasema kwa uangalifu. Mvua zilikuwa kubwa mno, bwawa lilijaa, milango ikafunguliwa, na maji yakafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Sidai kwamba bila bwawa pasingekuwa na mafuriko. Yangekuwepo, na pengine mabaya zaidi. Lakini mkulima wa Mohoro aliyepoteza mpunga hawezi kujua yapi yalikuwa ya mvua na yapi ya mlango, kwa kuwa hana takwimu wala kalenda, na hana wa kumuuliza. Kabla ya bwawa alimwachia Mungu. Sasa anajua kuna binadamu anayefungua na kufunga, na kutojua kunageuka kuwa shaka.

Sheria iko upande wa ninachokiomba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga vipaumbele: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kulinda mazingira, na baada ya hapo ndipo zije shughuli za kiuchumi. Umeme, kwa umuhimu wake wote, umo katika kundi la tatu.

Na uwezo tunao, kwa sababu ndani ya bonde hilihili tumewahi kufanya jambo gumu kuliko hili. Mitambo ya umeme ya Kihansi ilipoyachepusha maji ya maporomoko, chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya pale, na pale tu duniani kote, alibaki pakavu. Taifa lilimtengenezea mfumo wa kunyunyizia maji kwenye miamba. Baadhi ya vyura walipelekwa Marekani kuzalishwa, na ingawa mwaka 2009 walitangazwa kutoweka katika makazi yao ya asili, mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi. Naliheshimu sana tendo lile. Ninachouliza ni kwa nini moyo uleule usiwafikie watu waliokuwa wakilishwa na maji, na kwa nini tungoje hasara itokee ndipo tutafute dawa yake.

Najua jibu linaloweza kutolewa: kila mita ya ujazo inayopita nje ya mtambo ni umeme uliopotea. Kwa miezi ya kiangazi hoja hiyo ina nguvu. Kwa masika haina. Machi 2024 baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji ya nchi. Maji ya ziada yapo, na yataachiwa tu kwa njia moja au nyingine ili kulinda ukuta. Kilichobaki ni kuamua kama yataachiwa kwa hofu, ziwa likiwa limefurika, au kwa mpango, katika majuma ambayo mpunga umekwisha kusimama na tope linahitajika.

Nchi za bonde la mto Senegal zilikabiliwa na suala hilohilo baada ya kujenga Bwawa la Manantali nchini Mali. Wakulima wao pia hupanda maji yanapopungua. Bwawa lile lilipangiwa kuachia mafuriko ya makusudi, na Hati ya Maji ya mwaka 2002 ikayatambua mafuriko ya mwaka kuwa sehemu ya matumizi halali ya mto, sambamba na umeme. Utekelezaji wao umekuwa na mivutano mingi kati ya umeme na mashamba. Hata hivyo mkulima wa kule ana andiko la kushika mkononi anapodai.

Basi ombi langu ni hili. Bodi, pamoja na shirika la umeme, TANESCO, ipange mafuriko ya masika ya kila mwaka ambao mvua itaruhusu, na ipange yawe ya kiasi gani na yadumu siku ngapi baada ya kuwasikiliza wanaolima mlau, hasa akina mama, ambao ndio wenye kazi hiyo. Mpango huo uandikwe kwa Kiswahili na ubandikwe kwenye ofisi za vijiji, usomwe redioni, na urudiwe kwa ujumbe wa simu kila milango inapotaka kufunguliwa, siku za kutosha kabla ya maji kufika. Vikao vya kupanga maji ya mwaka viwe na wajumbe wa Rufiji, Kibiti na Mafia wenye sauti kamili, si waalikwa wa kusikiliza. Kina cha maji ya maziwa, chumvi ya delta na tope linalofika huko vipimwe kila mwaka, na matokeo yatangazwe hata yakiwa hayapendezi.

Namna nzuri ya kuanza ni kuja. Itisha mkutano Utete, katika miezi ya mlau, wakati wakulima wako bondeni na wanaweza kukuonyesha kwa mkono maji yalifika wapi na hayakufika wapi. Nami nitakuwepo. Mbegu za mpunga huingia ardhini Desemba. Kalenda ya masika yanayofuata ikitoka baada ya hapo, watakuwa wameshapanda bila kujua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzaliwa wa Rufiji

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, TANESCO